Nusu Saa Bila Maziwa

Kampire alikuwa mtu wa kushukuru hadi akawachosha watu. Ukimpa chumvi leo, kesho utaletewa mashanza, yale maziwa yaliyoganda vizuri, Jumapili utaombewa kanisani kwa jina, na wiki inayofuata ukikutana naye barabarani atakusimamisha juani akukumbushe ile chumvi. Majirani zake wa mlimani, juu ya Kashebere, walimjua hivyo na walimvumilia. Kwa hiyo binti yake Mukundwa aliporudi kutoka hospitali ya Goma akiwa mzima, taya limerudi mahali pake baada ya ule uvimbe uliokaribia kumziba jicho, majirani walijua wamepatikana. Hakuna aliyepita mbele ya ile nyumba bila kusikilizishwa habari za madaktari, za dawa ya mshipani, na za Mungu.

Jina la ugonjwa aliambiwa: kansa, ya aina inayowashika watoto, hasa wa huko chini kwenye joto na malaria, upande wa misitu. Mukundwa na mdogo wake Thierry walizaliwa huko huko, Mubi, miaka ile familia ilipokimbia vita na ng'ombe wachache waliobaki. Madaktari walimweleza mengi, lakini Kampire alibaki na moja tu: kwamba ugonjwa unaweza kurudi. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kukamua, aliwasimamisha watoto wake mlangoni penye mwanga akawapapasa mataya, kushoto na kulia. La Mukundwa laini, asante Bwana. La Thierry laini, asante Bwana. Ndipo alipokwenda kwa ng'ombe. Alikuwa tayari kupoteza kila kitu alichonacho duniani, lakini si mtoto, na alilisema hilo waziwazi kwa yeyote aliyeuliza na wasiouliza.

Ndiyo maana alipofika muuguzi mmoja, Agathe, kwa pikipiki, na matope hadi magotini, akasema ametumwa na hospitali kuchukua habari na mate ya watoto waliougua, Kampire alimkumbatia kabla hajavua kofia. Agathe alikuwa mwanamke wa Mubi, wa msituni, mrefu, wa maneno machache. Alieleza kazi yake akiwa ameketi kwenye kigoda. Wanatafuta kujua kwa nini mtoto huyu anapata ugonjwa na yule hapati, wakati wamelala kitanda kimoja na kuumwa na mbu wale wale. Kwa hiyo wanahitaji mate ya Mukundwa na ya ndugu yake pia, wayalinganishe. Wakitaka wanaweza kukataa, hakuna atakayewakasirikia.

Makuza, mume wa Kampire, alikuwa amesimama ameegemea fimbo yake ya kuchungia. "Mate ya muntu haitembeake mu inchi za bantu," alisema. "Tunajua wapi itafika?"

"Itafika Kinshasa, Papa Mukundwa. Ku laboratware, kwenye banapimaka mate."

"Kinshasa," alirudia Makuza, kwa sauti ya mtu aliyetajiwa mahali pabaya kuliko alivyotegemea.

Lakini Kampire alikwisha kukubali. Angewezaje kuwanyima mate watu waliomrudishia mtoto? Agathe akatoa vichupa viwili vya plastiki, akatoa na maelekezo. "Mama Mukundwa, batoto basikule na basikunywe kitu kwa nusu saa. Hata mayi. Tunataka mate yabo tu, bila kitu ingine ndani."

"Haina shida, dada."

Shida ilikuwepo, na ilikuwa kichwani mwa Kampire. Yeye alizaliwa katikati ya ng'ombe, akajua tangu utoto kwamba ng'ombe asiyenyweshwa hatoi kitu, umkamue hadi jioni. Sasa mtoto wa watu akaushwe kinywa nusu saa nzima, halafu aambiwe ajaze kichupa mate? Huyu dada ni mtu mwema lakini ni wa msituni, aliwaza, mambo ya kukamua atayajulia wapi. Tena ni aibu, mtoto wa nyumba yenye ng'ombe kusimama mbele ya mgeni midomo mikavu. Akamwachia Agathe kikombe kikubwa cha maziwa ya moto ili ashughulike nacho, akawapeleka watoto nyuma ya nyumba, akawanywesha kila mmoja hadi akashusha pumzi. Akawafuta midomo kwa khanga, akawarudisha. Vichupa vilijaa mara moja. Kampire alijisikia amewasaidia wanasayansi.

Agathe naye alikunywa kikombe chake chote, maana hata mtu wa Mubi anajua kwamba maziwa ya Masisi hayakataliwi mbele ya aliyeyakamua. Tumbo lake halikuwa limezoea. Safari yake ya kwenda Pinga siku iliyofuata ilikuwa na vituo vingi ambavyo dereva wa pikipiki hakuvipanga, na hayo tumwachie mwenyewe.

Mvua zilikuwa zimeanza kupungua aliporudi. Kampire alimwona anapanda kilima, akamkimbilia, maana Agathe alikuwa amesema wataonana tena baada ya mwaka. "Iko mubaya?" aliuliza kabla ya salamu. "Bamekuta kitu ku Mukundwa?"

"Hapana, Mama. Tulia." Agathe aliketi, akakaza uso. "Kinshasa banasema mate yenye nililetaka iko na ngombe ndani."

Makuza, aliyekuwa anarekebisha mlango wa zizi, aligeuka polepole. Kampire alijaribu kutazama milima. Kisha akakiri yote, na ng'ombe asiyenyweshwa akiwemo, na Agathe akacheka hadi akashika mbavu, na Makuza, ambaye hakuwa mtu wa kucheka na wageni, akaingia zizini ili wasimwone. Kampire aliona haya kweli. Watu waliomponyeshea mtoto wamepewa maziwa kwenye chupa, na dada wa watu amepanda tena milima yote hii kwa ajili ya ukaidi wake.

"Nisamehe, dada. Leo nitafanya sawa vile unasema."

"Leo tutakaa bote hapa, mbele ya macho yangu," alisema Agathe. "Na hata mimi usinipe kitu."

Basi wakakaa uani kwenye jua la asubuhi, Agathe, Kampire na watoto wawili. Kibuyu cha maziwa yaliyotoka kukamuliwa kilikuwa pale pale mlangoni, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kukiondoa. Mukundwa alikuwa mkubwa, alielewa. Kampire alimhofia Thierry. Thierry alikuwa na miaka minne, na wimbo wake wa kila siku ulikuwa mmoja: maziwa. Alilia maziwa akiamka, akilala, na hata akiwa anayanywa.

"Uyu atatusumbua," Kampire alimwonya Agathe. "Anapendaka maziwa kupita hata mutoto ya ngombe. Angalia tumbo."

Akamvuta Thierry, akampandisha shati ili mgeni aone. Lilikuwa tumbo la kujivunia, la mviringo, limekazana. Kwa watu wa ng'ombe tumbo la mtoto ni sifa ya mama yake, na wiki zile wanawake waliokuja kununua maziwa walikuwa wakiligusa na kusema, Mama Mukundwa, huyu unamlisha. Kampire alikuwa akijibu kwamba ni Mungu, huku akijua kwamba ni Mungu na yeye pia.

Agathe alilitazama lile tumbo. Kampire aliketi akingoja kilio. "Ngoja tu, sasa hivi ataanza."

Hakuanza. Mukundwa alimchokoza mdogo wake, akamwonyesha kibuyu kwa kidole, akalamba midomo. Thierry alikitazama, akageuza uso, akalaza kichwa kwenye paja la mama yake. Kampire alicheka kidogo. Kisha akaacha kucheka. Ng'ombe walilia zizini, mtu akapita barabarani na redio, na mtoto ambaye hajawahi kukaa hivyo bila kudai maziwa alikuwa amelala tu pale, macho wazi, kama mzee aliyechoka.

Ndipo mambo ya siku zile yalipoanza kurudi kichwani mwa Kampire, moja baada ya jingine, na kila moja lilimchoma. Kikombe kilichobaki nusu juzi, akasema ni joto. Mashanza ambayo Thierry alimmwagia mbwa, na yeye akampiga kofi kwa utundu. Usiku aliojigeuza akilalamika mgongo. Kila asubuhi alikuwa amepapasa taya, taya, taya, na kushukuru, wakati mikono yake ilikuwa inapita karibu na tumbo bila kuligusa.

"Dada Agathe," alisema. "Uyu mutoto hajalia."

"Nimeona, Mama. Uniache nimushike kidogo."

Agathe alimlaza Thierry juu ya mkeka. Alisugua viganja vyake vipate joto, akabonyeza polepole, upande huu, upande ule, akarudi mahali pamoja, akarudi tena. Thierry alikunja uso. "Mara ile nilikuja, tumbo haikuwa hivi," alisema Agathe.

"Si ni maziwa?"

"Maziwa haikuwake ngumu, Mama Mukundwa. Iko kitu hapa. Pengine ni wengu imevimba juu ya malaria. Pengine ni ile ingine. Mimi sina macho ya kuona ndani. Aende Goma, na isipite kesho."

Makuza alikuwa ametoka zizini, amesikia. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Ulikuja kutafuta mate," alimwambia Agathe, "sasa unatupatia ugonjwa."

Lilikuwa neno baya, na wote walijua amelisema kwa hofu. Aliyemjibu ni Kampire, ambaye kwa kawaida hakumsemesha mumewe hivyo mbele ya mgeni. "Papa Mukundwa, kama si ule dada, tungeendelea kusifia tumbo mpaka mutoto afe. Enda utafute moto."

Makuza akaweka fimbo chini akaenda kutafuta pikipiki na dereva; Mukundwa angebaki naye nyumbani. Agathe alikuwa na watoto wengine wa kuwafuata Walikale, lakini aliwaweka kando kwa siku hizo, akapanda nyuma ya Kampire ili Thierry akae katikati yao, asirushwe na mashimo. Walishuka na kupanda, wakapita Masisi, wakapita Sake, wakasimamishwa kwenye vizuizi, na kila kwenye kizuizi ni Agathe aliyeonyesha kitambulisho chake na kusema, "Mugonjwa wa hopitali, tunaomba njia," kwa upole ule ule. Kampire njia nzima alikuwa ameweka kiganja juu ya lile tumbo kama anayezuia mlango.

Hospitalini waliwapokea watu wale wale. Daktari Édouard, kijana mwenye miwani aliyemtibu Mukundwa, alimpima Thierry kwa mashine, akamwita Kampire chumbani kwake akamwambia ukweli bila kuuzungusha. Haikuwa wengu. Ilionekana ni ndugu wa ule wa taya, safari hii umejificha tumboni. Watakata kipande kidogo wathibitishe, kisha waanze dawa mara moja.

"Kwa nini bote babili?" aliuliza Kampire. "Nilifanya nini?"

"Haukufanya kitu, Mama. Kwa nini bote babili, mimi sijue. Hakuna mwenye anajua vizuri. Njo ile sababu Agathe anatafuta na vichupa yake." Daktari alivua miwani, akaifuta. "Na iko neno ingine. Ile kipande tutakata, pengine itabakia kidogo. Mukikubali, tutaichunga kwa utafiti, pamoja na habari ya mutoto. Mukikataa, Thierry atatunzwa vilevile, hakuna dawa tutamupunguzia."

Kampire alimfikiria mtoto wake, jinsi alivyo mdogo, na sasa wakate na wabakize. "Ile dawa ya Mukundwa," aliuliza mwishowe, "mulijua namna gani kama njo yenyewe?"

"Juu ya batoto bengine. Zamani, fasi zingine. Bazazi babo balikubali, tukajifunza kwabo."

"Na abo batoto balipona?"

Daktari angeweza kusema ndiyo na angekwisha. "Bengine balipona," alisema. "Bengine hapana."

Kampire alikubali. Hakukubali kwa ushujaa, alikubali huku analia, na aliporudi wodini alikaa chini ukutani akalia tena, kwa ajili ya Thierry na kwa ajili ya watoto ambao hakuwahi kuwasikia hadi dakika ile, ambao walikuwa wamemlipia Mukundwa wake bila yeye kujua.

Zikafuata siku ambazo mtu hapendi kuzisimulia. Thierry alitapika, akapoteza nywele, akachukia kila mwenye koti jeupe. Lakini lile tumbo la kujivunia lilianza kushuka, asubuhi kwa asubuhi, na Kampire, ambaye wiki chache nyuma alikuwa akilisifu, alisherehekea kila lilivyozidi kuwa bapa. Mwisho wa dawa za mwezi wa kwanza Daktari Édouard alipitisha tena mashine yake, akatazama, akatazama tena, akamwita mwenzake naye atazame. Uvimbe ulikuwa haupo. Dawa zitaendelea, alisema, na wataendelea kumwangalia kwa muda mrefu, lakini umekamatwa mapema, ungali mdogo. Ule hukua haraka. Kama angeletwa baada ya mwaka, wakati Agathe alipopangiwa kurudi, daktari asingekuwa na cha kumwambia Kampire.

Makuza alifika kutoka mlimani siku ya pili, amevaa koti lake la kanisani. Alimbeba Thierry, akampapasa kichwa chenye upara, akamrudisha kitandani, kisha akamwendea Agathe, aliyekuwa amekuja na vichupa vyake kutoka Walikale. Alivua kofia.

"Dada, nilikusema vibaya pale nyumbani."

"Ilikuwa woga, Papa Mukundwa. Ilishapita."

"Haijapita bado. Nimekuchagulia ngombe. Mutamba, mwenye hajazaa."

Kwa watu wa Makuza hakuna shukrani iliyo juu ya hiyo. Ukimpa mtu ng'ombe jike umemfanya ndugu, wewe na watoto wako na wake. Agathe alijua maana yake, na ilimwia vigumu. "Siwezi kumukamata, Papa. Kazi yetu inakataza. Na kweli mimi nilikuja kutafuta mate tu, mutoto mwenyewe njo alituonyesha."

"Basi Docteur."

"Hata mimi hapana," alisema Daktari Édouard, aliyekuwa anaandika pembeni.

Makuza alianza kukasirika, maana mtu aliyebeba shukrani nzito hivyo hapendi kuzungushwa nayo. "Sasa nitashukuru nani?"

Kampire ndiye aliyemjibu. Alimweleza mumewe habari ya wale watoto wengine, kama alivyoelezwa. Makuza alisikiliza hadi mwisho. "Bazazi babo bako wapi?" alimuuliza daktari. "Niwafuate."

"Hatuna majina yabo, Papa. Inafichwaka, ili kuwalinda."

"Hata benye batoto babo balikufa, balikubali?"

"Hata abo."

Makuza alirudisha kofia kichwani, akaivua tena, akaketi kwenye ukingo wa kitanda cha mwanawe. Kampire, aliyemjua miaka mingi, alimwona kwa mara ya kwanza hana pa kupeleka ng'ombe.

Kitanda cha jirani kilikuwa cha mama mgeni, Joséphine-Marie, aliyewasili jana yake kutoka Pinga na binti yake Nicole. Taya la Nicole lilikuwa limevimba hadi jino moja limeng'oka lenyewe. Kwingine wanawake hawa wawili, wa ng'ombe na wa msitu, wangepishana barabarani kila mmoja ameshikilia mzigo wake. Hapa walikuwa wanagawana ndoo ya maji. Joséphine-Marie alikuwa amesikia mazungumzo yote, na Makuza alipotoka nje kuvuta hewa, akamvuta Kampire kwa ukingo wa khanga.

"Dada, hata mimi baliniuliza jana. Banataka kipande ya mutoto wangu, na mate. Niliwaambia bangoje." Alimtazama Nicole, aliyelala amefumba macho. "Nikikubali, itamuponesha?"

Kampire alitamani sana kusema ndiyo. Thierry alikuwa nyuma yake kitandani, mzima, na ndiyo ilikuwa rahisi kinywani. "Dawa njo itamuponesha, Mungu akipenda," alisema. "Ile kipande hapana. Ile ni ya mutoto wa muntu mwengine, mwenye hajagonjwa bado."

"Mutoto wa nani?"

"Hatutamujua."

Joséphine-Marie alimpangusa binti yake jasho shingoni, akamfunika miguu, akamfunua tena kwa kuwa palikuwa na joto. Kisha akamwita Agathe kwa mkono. "Mama infirmière, kuya. Uchukue."

Agathe alivaa glavu kumsaidia Daktari Édouard, aliyekuja na sindano ya kutolea kile kipande. Kampire alipiga magoti kando ya kitanda, akamshika Nicole mkono usicheze, akamwimbia chini kwa chini hadi sindano ikaingia na kutoka. Ilipokwisha, akamgeukia mama wa Nicole, akamshika mikono yote miwili, akainama hadi paji la uso likagusa vidole vyake.

"Aksanti, dada," alisema. "Aksanti mingi."

Joséphine-Marie alishangaa, akajaribu kumwinua. "Aksanti ya nini? Wako si amekwisha kupona?"

"Njo maana," alisema Kampire, na hakuiachia ile mikono.